Sauti ya Jirani Katika Insha za Binti Yangu

Sifa na shukrani zimrudie Mungu, aliyetupa sauti na akatupa pia watu wa kuisikia. Amenitunza hadi mvi zimenijaa kichwani, macho yangu bado yanasoma asubuhi kukiwa na mwanga mzuri, na vidole bado vinashika kalamu ingawa vinalalamika. Kabla sijasimulia jambo hili dogo la nyumba yangu, namwomba aniongoze nisiongeze wala nisipunguze.

Ninaandika juu ya wivu. Si ule wa mume na mke, ambao watu wengi wameueleza vizuri kuliko mimi. Huu ni wivu wa mama anayeketi na kalamu nyekundu kusahihisha insha za mwanawe, halafu anamkuta mwanamke mwingine ndiye anayezungumza ndani yake.

Tulikaa Ziwani, mtaa mmoja wa Nairobi, miaka ya themanini, mfumo mpya wa elimu ulipokuwa ndio kwanza umeingia. Nyumba zetu za kaunsili ya jiji zilikuwa mbili mbili, na kila mbili zilitumia jiko moja la nyuma. Upande mmoja tulikuwa sisi, watu wa Murang'a: mimi, mume wangu aliyekuwa karani wa reli, binti yetu wa kwanza na wadogo zake wawili. Upande wa pili alikaa mwanamke kutoka magharibi, kule karibu na ziwa, ambaye mumewe alifanya kazi za zamu na mara nyingi alikuwa ama kazini ama usingizini. Watoto wao wawili walikuwa nyumbani kwa nyanya yao, kama walivyokuwa watoto wa wafanyakazi wengi wa Nairobi siku zile.

Jirani huyu alikuwa opareta wa simu katika ofisi moja mjini. Kutwa nzima aliketi mbele ya ubao wa nyaya akiunganisha watu asiowajua, na jioni alirudi na ile sauti ya ofisini bado iko mdomoni. Kila kitu jikoni kilikuwa mpigaji simu kwake. Sufuria yake ya omena, wale dagaa wa kwao, ikianza kuchemka, alisema inaita, akauliza ni nani ataipokea. Mafuta ya taa yakipungua kwenye stovu, alisema laini inakwaruza. Watoto wangu walimwita Anti, na wakimsikia anafungua mlango wa jikoni, waliacha walichokuwa wakifanya.

Nyumbani kwetu jioni ilikuwa tulivu. Nililelewa hivyo, na sikuona kasoro yoyote. Tulisali, tukala bila kuongea, tukaosha vyombo, watoto wakafungua vitabu. Nilifundisha dini kanisani siku za Jumapili na Kiswahili shuleni siku nyingine zote, kwa hiyo kufika jioni maneno yangu yalikuwa yamekwisha.

Kiswahili siku zile kilikuwa kimepanda cheo. Hapo awali watoto walikisoma bila hofu kwa kuwa hakikuwa katika mtihani wa mwisho wa msingi. Sasa kilitahiniwa, na insha pamoja nacho. Wengi wetu walimu tulijikuta tunafundisha jambo ambalo hatukuwahi kufundishwa vizuri: jinsi ya kumfanya mtu azungumze katika hadithi. Watoto wa Eastlands, mitaa yetu ya mashariki ya jiji, walijua kuzungumza kupita kiasi. Lakini ukiwapa karatasi, mazungumzo yao yaligeuka ugali mmoja, huwezi kujua nani amesema nini na nani amejibu.

Nikabuni njia yangu. Nilisimamisha wanafunzi wawili mbele ya darasa, mmoja kulia na mwingine kushoto, kila mmoja ameinua vidole viwili juu na kuvikunja kidogo. Hao walikuwa alama za usemi. Msemaji aliingia katikati yao, na pale katikati alikuwa huru kusema kama anavyosema mtaani. Akitaka kusema, "Niaje, buda," aseme hivyo hivyo. Mwanafunzi wa nne, aliyekuwa koma, alichuchumaa miguuni pa msemaji kabla alama ya pili haijafunga. Anayejibu hakuruhusiwa kuingia katikati ya watu wale wale. Alianza safu yake mpya nyuma. Niliwaambia kwamba walio nje ya alama ni maneno ya mwandishi, na hayo yawe Kiswahili safi. Walio ndani ni mdomo wa mtu mwenyewe, na mdomo wa mtu hausafishwi na mwandishi. Walipenda sana. Wakati wa mapumziko uliwaona uwanjani wameinua vidole, wakigombania nani awe koma.

Mwaka huo binti yangu aliingia darasa la saba, darasa langu. Nyumbani aliniita Mama na shuleni Mwalimu, na hakuwahi kukosea hata mara moja. Alikuwa mtoto mtiifu, mwenye kusikiliza zaidi ya kusema. Nilidhani amenifuata mimi.

Insha ya kwanza niliyowapa ilikuwa "Jioni Nyumbani Kwetu". Nilizichukua zote, nikaketi mezani baada ya chakula, na nilipoifikia yake nilikuwa na furaha ya siri, kama mtu anayekaribia kuonja chakula alichokipika mwenyewe. Sehemu ya katikati bado ninaikumbuka, kwa maneno yake.

"Halo, hapa ni sufuria ya omena," Anti alisema. "Ukitaka kuzungumza na sufuria ya maharagwe, subiri. Laini ina mtu."

"Anaongea na nani?" niliuliza.

"Na makaa. Hayo maharagwe yamekataa kukata simu tangu saa kumi."

Ikaendelea hivyo ukurasa mzima. Anti alisema, Anti alijibu, Anti alicheka akasema tena. Mwishoni niliingia mimi. Mama alitokea mlangoni akatuambia kwamba tupunguze kelele. Basi.

Nilicheka pale pale kwenye maharagwe, kwa sababu yalikuwa maharagwe yangu. Kisha nikarudia ule mstari wa mwisho, na kicheko kikaniganda.

Nilichukua kalamu nyekundu nikatafuta kosa. Nilitafuta kwa bidii. Nilikagua kila alama iliyofunguliwa kama imefungwa, kila herufi kubwa, kila koma kama imetangulia kufunga, kila msemaji mpya kama amepewa mstari wake. Hapakuwa na kosa. Alifanya yote sawasawa na nilivyomfundisha, na kazi hiyo safi yote alimvalisha jirani.

Insha ya pili ilihusu safari ya sokoni. Anti alikuwa ndani yake akibishana na muuza viatu Gikomba. Ya tatu ilikuwa juu ya siku ya mvua, na Anti aliipigia mvua simu akaiuliza inataka kuzungumza na nani. Katika zote mimi nilipita kama upepo. Mama alisema kwamba. Mama aliagiza kuwa. Mama hakupenda. Wengine wote walipewa mdomo, hata muuza viatu ambaye alionekana mara moja tu. Mimi nilitangazwa habari zangu kama mgonjwa aliyelazwa.

Sikutaka kitu kikubwa. Nilitaka mstari mmoja ambao mwanangu angefungua alama, aniweke ndani, anifunge, ili siku moja mtu akisoma ajue nilisikika vipi. Nilipokuwa nikisali niliona haya kumtajia Mungu ombi kama hilo, lakini nadhani alilijua.

Mambo yalizidi siku ambayo mwalimu mkuu alizisoma zile insha. Alikuja kwenye chumba cha walimu ameshika ile ya mvua, macho yamelowa kwa kicheko.

"Mwalimu," aliniambia mbele ya wote, "kumbe nyumbani wewe ni mcheshi hivi? Hapa unatuficha."

Alidhani Anti ni jina la utani la mama. Ilinibidi nimweleze kwamba huyo ni jirani. Akasema, ah, akairudisha mezani, na wenzangu wakarudi kwenye chai yao. Ile "ah" niliibeba hadi Ziwani.

Nilimweleza mume wangu usiku huo. Alisikiliza hadi mwisho, akakunja gazeti, akaniuliza kwa upole kama ninamwonea wivu mtu wa kupika omena. Nikamwambia hapana. Akasema sawa, akalikunjua gazeti lake tena.

Nikaamua kwamba nami nitazungumza. Kama ni maneno yanayotakiwa, nina maneno. Jumatatu niliingia jikoni nikiwa nimejiandalia mzaha njiani kutoka shuleni, kuhusu kabichi lililokuwa kubwa kama kichwa cha diwani. Niliutoa. Hakuna aliyecheka. Binti yangu aliacha kumenya viazi akanitazama usoni.

"Mama, una homa?" aliniuliza.

Jirani aliinama juu ya sufuria yake, mabega yakimtikisika. Sikukata tamaa. Juma zima niliongea. Niliongea nikikatakata mboga za sukuma, nikiosha vyombo, nikianika nguo. Niliongea hadi mdogo wao akaenda kumuuliza baba yake kama nimekasirika. Wiki iliyofuata nikafungua insha yake kwa mikono yenye haraka, na nikakuta sentensi moja tu inayonihusu: Wiki hiyo Mama alizungumza sana.

Hapo moyo wangu ukaingia ubaridi. Nikaanza kumpa kazi za ndani wakati jirani yuko jikoni. Nikampeleka dukani saa ambayo jirani hurudi kutoka kazini. Nikagundua kwamba alikuwa hajui mistari mingi ya sala, nikamkalisha aijue. Alifanya yote bila kunung'unika, na akimaliza, alirudi jikoni kimyakimya, akaketi kwenye kigoda karibu na stovu ya jirani, mikono magotini, akisikiliza. Jioni moja nilimkuta pale baada ya kumtuma mara mbili kwingineko. Nikamtamkia neno kali, jirani akiwa anasikia, nikaondoka na taulo langu begani.

Kesho yake jirani aligonga mlango wa mbele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa kuwa siku zote tulikutana nyuma. Hakutaka kuketi. Aliniuliza kama amemkosea mtoto au amenikosea mimi. Nilimjibu kwamba mtihani unakaribia. Ulikuwa bado mwaka mzima na zaidi, na yeye alijua.

"Mwalimu, nikuambie kitu," alisema, safari hii bila sauti ya ofisini. "Yule wangu mdogo, nikienda nyumbani sikukuu, ananiita shangazi. Anayemwita mama ni nyanya yake. Nikimwambia mimi ndiye mama, anakimbilia nyuma ya gauni la yule mwingine ananichungulia. Wako hakuiti shangazi. Basi niachie masikio yake saa moja tu kwa siku. Masikio tu."

Nilimwambia hakuna aliyemkataza mtoto. Akashukuru akaenda. Nilimhurumia kwa dhati, na wivu haukupungua hata kidogo. Nilijifunza siku hiyo kwamba huruma na wivu vinaweza kuketi kwenye kiti kimoja bila kusukumana.

Siku ya wazazi ilipokaribia, mwalimu mkuu alitaka kila darasa la juu litoe mwanafunzi mmoja wa kusoma hadithi yake mbele ya ukumbi. Kwa darasa langu hakuniuliza. Alimtaja binti yangu, akasema aandike mpya, na iwe juu ya lile jiko. Nilimkubalia, ningesema nini? Jioni hiyo nilimsikia mtoto akimwalika Anti. Nilimsikia jirani akisema ataomba ruhusa kazini, hata kama simu zote za Nairobi zitalala bila kupokewa.

Basi nikaona jinsi itakavyokuwa. Wazazi wote wa Ziwani na wa mtaa wa pili wa Shauri Moyo ndani ya ukumbi, mimi nimesimama ukutani na walimu wenzangu, mwanangu mbele akisoma, na mdomo wa mwanamke mwingine ukijaza ukumbi. Na mimi nitapita mlangoni nikiwaambia wapunguze kelele.

Sikuweza kustahimili. Siku iliyofuata, baada ya masomo, wenzake wakifagia veranda, nilimbakiza darasani.

"Nataka kukuuliza jambo," nilisema.

"Niongee na Mama au na Mwalimu?" akauliza.

"Na Mama."

Akakaa vizuri kwenye dawati. Nikamuuliza kwa nini katika hadithi zake zote mimi sisemi kamwe, ila husemewa tu. Nilijitahidi sauti iwe ya kawaida. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hatembei juu ya paa.

"Si ulitukataza," alisema.

Nilimuuliza nilikataza nini, na lini. Akanikumbusha. Alipokuwa mdogo, kabla hajaanza shule, wageni wa kanisani walikuwa nyumbani, naye akasimama katikati ya chumba akaigiza sala ya baba yake kabla ya chakula, kikohozi na yote, hata lile jicho moja analolifungua kuangalia kama watoto wamefumba. Wageni walicheka hadi wakaweka vikombe chini. Mimi nilimtoa nje. Nikamwambia, kama nilivyoambiwa na mama yangu, naye na mama yake, kwamba mtoto hayachukui maneno ya mzazi akayarudisha kwa sauti ya mzazi. Mtoto anaweza kusema, baba anakuita. Hawezi kusema kwa sauti nzito, "Njoo hapa wewe." Huko ni kumwigiza mkubwa, na kumwigiza mkubwa ni kumvua nguo mbele ya watu. Kwetu hilo lilikuwa jambo zito, na watoto wangu wote walilijua kama walivyojua kufumba macho wakati wa sala.

"Sasa ukifungua alama," binti yangu akaendelea, "unaweka mdomo wa mtu mwenyewe pale. Wewe ndiye uliyetufundisha. Ningewezaje kuweka mdomo wako?"

"Na mdomo wa Anti?"

"Anti nilimwomba ruhusa. Akasema niandike kila kitu, hata akipiga chafya."

Ungedhani hapo nilifurahi. Mtoto alikuwa ameyashika mafundisho yangu mawili, la nyumbani na la darasani, akayatii yote pamoja. Lakini wivu una masikio yake, na yalisikia neno moja tu: alimwomba jirani.

"Mbona hukuniomba mimi?"

Alichora kitu kwa kidole juu ya dawati. "Nilijua utakataa."

Nje, wafagiaji walikuwa wakirushiana maji. Nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, "Sasa wewe, nimwagie nikuone," na kicheko. Nikamwambia binti yangu kwamba ninamruhusu. Akauliza aandike nini. Nikamjibu, nikijiona mama mkarimu na mwalimu hodari, kwamba aandike nilichosema kweli, kama nilivyokisema, wala asinipambe.

Hakunipamba. Alipoleta hadithi yake, niliisoma nikiwa nimesimama karibu na dirisha. Sufuria zilipiga simu, omena ilijibu, maharagwe yakakataa kukata laini. Kisha nikajikuta.

Mama alisimama mlangoni na taulo begani.

"Kila siku Anti, Anti," alisema. "Basi chukua blanketi lako uende ukalale kwake."

Anti alikuwa ameinama juu ya stovu. Hakusema kitu.

Ndilo lile neno kali la ile jioni. Yote niliyowahi kumwambia tangu azaliwe, usiku wa homa na asubuhi za kumsuka nywele, na alichochukua ni hilo. Kwa nini hilo? Nafikiri ndilo lililokuwa na sauti. Mengine yote niliyasema kama mtu anayefunga mlango polepole asiamshe waliolala.

Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Ningeweza kumwambia kwamba si maneno ya siku ya wazazi, na isingekuwa uongo. Ningeweza kumwambia anirudishe kwenye usemi wa taarifa: Mama alikasirika kidogo. Angefanya hivyo pale pale, bila kuniuliza sababu, na asingeniomba ruhusa ya kitu chochote tena maishani. Alishasema alijua nitakataa, nami ningekuwa nimemthibitishia. Lakini nikiliacha, jirani je? Angeketi katikati ya watu asikie tena jinsi nilivyomsema.

Nilisali nikiwa wima, macho wazi, maana mtoto alikuwa akinitazama. Kisha nikafanya kazi yangu. Nilikagua alama ya kufungua. Herufi kubwa. Koma. Alama ya kufunga. Msemaji mpya, mstari mpya. Nikaweka alama ya vema pembeni, nikamrudishia daftari.

"Iache ilivyo," nikamwambia.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Jirani alikuja na gauni lake la kanisani, akaketi safu ya tatu kando ya mume wangu. Mimi nilisimama ukutani. Binti yangu alisoma kwa sauti ndogo mwanzoni, kisha akafika kwenye sufuria, akaichukua sauti ya jirani yake nzima, ile ya ofisini, na ukumbi ukaanza kucheka. Nilihesabu sentensi zilizobaki kabla yangu, kama mtu anayesubiri sindano.

Kisha akanyoosha shingo, akashusha kidevu, na kutoka kwenye mdomo wa mtoto wa miaka kumi na mitatu ikatoka sauti yangu. Ilikuwa yangu kabisa. Hata mume wangu aligeuka kunitafuta kwa macho. Lile neno la blanketi liliangusha ukumbi mzima. Akina mama walipigana viganja, kwa sababu hapakuwa na hata mmoja ambaye hakuwahi kulisema, kama si juu ya jirani basi juu ya shangazi au rafiki wa shule. Nilichekwa na mtaa mzima, na nitasema kweli, lilikuwa jambo tamu. Halafu akasoma kwamba Anti hakusema kitu, na kicheko kikatulia. Nilimtazama jirani. Alikuwa akiangalia mikono yake.

Hadithi iliendelea hadi chakula kikaiva, watu wakapiga makofi, mwalimu mkuu akasema maneno marefu. Sikupata nafasi ya kuzungumza na jirani pale. Jioni niliingia jikoni nikamkuta anakoroga, mgongo wake kwangu. Niliwasha stovu yangu. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, lakini aliniwahi.

"Mwalimu, umeniibia," alisema.

"Nimekuibia nini, dada?"

"Miezi yote hii mimi ndiye ninayesema. Nimesema hadi koo limekauka. Wewe leo umesema mara moja tu, na mtaa mzima umekucheka wewe. Mimi nimeandikiwa nimenyamaza." Aligonga mwiko ukingoni mwa sufuria. Alikuwa akitabasamu, lakini si kwa uso wote. Ule upande ambao haukutabasamu niliutambua vizuri, kwa kuwa nilikaa nao muda mrefu. "Na yule mtoto angekuja na hilo blanketi, ningempokea. Ujue hilo."

"Ninajua," nikasema.

"Ningemlaza upande wa ukutani, asianguke."

"Ninajua, dada. Ndiyo sababu nililisema."

Tukakoroga, kila mtu chake, stovu zikivuma. Nilimwomba radhi hapo, kwa maneno machache, naye akasema neno moja la lugha ya kwao ambalo sikulielewa, lakini lilikuwa na sauti ya kupokea.

Mlango ukafunguka, binti yangu akaingia bado amevaa sare ya shule. Sote wawili tulikaa wima. Kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza, na ndiyo maana tulisema kwa pamoja, neno moja, kwa wakati mmoja: "Umekula?"

Alisimama. Alinitazama mimi, akamtazama Anti, tena mimi.

"Bado, Mama," alisema.

Jirani akaigeukia sufuria yake, akaongeza chumvi ambayo nadhani haikuhitajika. Nami nikashika sahani, nikaanza kupakua polepole, nisionekane nilivyofurahi.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akujalie mtu wa kuikumbuka sauti yako, ile ya upole na hata ile ya mlangoni. Akupe jirani wa kukufanya uone wivu kwa sababu njema, na akupe subira ya kukaa naye jiko moja. Wanao wasikose la kusema, wala wasikose ruhusa ya kulisema. Amina.